Ujumbe Niliomtumia Baba Furaha

Mwanangu Rehema,

Nakuandikia ukiwa umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako kule Ayivu, nami nimebaki chumbani na sanduku lako. Najua watakukalisha. Watakupikia, watakuombea dua, na kila mmoja atakuwa na lake la kukuambia kuhusu Koboko unakokwenda kufundisha, kana kwamba unakwenda kuishi Kairo. Kwa hiyo nina muda.

Mambo ya maji, mkaa na kufunga mlango nimekwisha kukuambia mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Siyarudii. Hili ni jingine, na ningekuambia kwa mdomo kama mdomo wangu ungekuwa na adabu. Lakini unanijua. Nikianza kusema jambo linaloniaibisha naligeuza ugomvi, na baada ya muda mfupi utakuwa wewe ndiye uliyekosea, na viatu vyako vitakuwa vichafu, na nywele zako zitakuwa zimeachwa ovyo. Kwenye karatasi siwezi kukukatiza.

Nilimwita mtoto wa watu mwongo mbele ya darasa zima. Hakuwa mwongo. Nikaja kujua kwamba hakuwa mwongo, na nikakaa kimya. Mtoto huyo alikuwa mwanafunzi wa darasa utakalopewa Jumatatu, na leo mchana nimefanya jambo litakalokufikia wewe pia. Ndiyo maana nataka usome hapa kwanza, kabla hujasikia katika chumba cha walimu.

Unakumbuka lile jukwaa la masomo lilivyoingia katika nyumba hii. Shule ya Koboko haikuwa na mwalimu wa hesabu, yetu ya hapa Arua ilikuwa na mimi, na wakuu wa shule wakakubaliana kwamba Mwalimu Hawa atafundisha huku kwa chaki na kule kwa intaneti. Nilikataa. Nilisema mimi si mtangazaji wa redio. Ni wewe, ukiwa likizo ya chuo, uliyenibembeleza. Ukaifunga simu kwenye kigoda, kigoda ukakiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, ikawa inatazama ubao na mkono wangu tu, kwa sababu uso wangu sikutaka uonekane. Somo la kwanza tulilirekodi mpaka tukachoka, maana jogoo wa jirani alikuwa akiwika kila nikifika kwenye x. Ulicheka hadi ukakaa chini. Mimi nilinuna, lakini moyoni nilifurahi. Sijakuambia hilo.

Kisha ukanionyesha vifaa vyake, kimoja baada ya kingine. Mahali pa kuweka vidio. Mtihani unaojisahihisha wenyewe. Ukumbi wa majadiliano, ambamo kila mmoja anaona kilichoandikwa. Kitufe cha kutuma ujumbe kwenye simu ya mzazi. Na kufuli: unaweka saa, saa hiyo ikifika kazi inajifunga, na anayekuja baadaye anapata sufuri bila mwalimu kuinua sauti.

Kufuli ndilo nililolipenda. Mji mzima unajua kwamba kengele ikilia mlango wa Mwalimu Hawa unafungwa. Wapo watu wazima sasa, wenye maduka yao, wanaonisalimia kwa mbali kwa sababu niliwahi kuwaacha nje mvua ikinyesha. Nilijivunia hilo. Nikaona kwamba hatimaye wametengeneza kitu chenye akili kama yangu.

Miongoni mwa majina ya Koboko lilikuwamo la Furaha. Hakuweka picha yake, aliweka ua jekundu. Wazazi wake ni watu wa Congo waliohamia, wanauza mawese na maharage sokoni, na nyumba yao iko nje ya mji, upande wa mpakani. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mtoto huyu ana hesabu kichwani. Aliandika hatua zote, hata zile ambazo wenzake waliziruka wakidhani sitaona, na mara nyingine akishapata jibu aliongeza njia ya pili pembeni, bila kuombwa, kama mtu anayecheza.

Na alikuwa anachelewa. Kazi ilifungwa saa mbili usiku, ya kwake ilifika karibu na saa tatu. Wiki ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Nikamuuliza ukumbini, mbele ya wote. Akajibu, "Mwalimu, nilituma mbele ya saa mbili. Saa ya simu yangu ilikuwa bado."

Kwangu hilo lilikuwa tusi. Jukwaa linaandika saa lenyewe, halina baba wala mama, halimpendelei mtu. Mtoto anaweza kusema mvua, anaweza kusema bando limeisha, lakini hawezi kuniambia kwamba saa mbili haikuwa saa mbili.

Wewe ulikuwa unachambua maharage hapo karibu. Ukaja ukachungulia juu ya bega langu, ukasema, "Mama, mbona anapitisha saa nzima kila mara? Mtu wa kuchelewa, leo anachelewa kidogo, kesho anachelewa sana. Huyu anachelewa sawasawa." Nakumbuka nilivyokujibu. Nilisema, "Siku utakapofundisha hata darasa moja, ndiyo uje unifundishe na mimi." Ukarudi kwenye maharage yako na hukusema kitu mpaka tulipokula.

Ulikuwa umeniwekea jibu mbele ya macho, mimi mwalimu wa hesabu, ninayewaambia watoto kila siku watafute kinachojirudia. Sikulitaka kwa sababu lilitoka kwako. Naomba radhi yako kwa hilo, mwanangu. Najua desturi ni mtoto kumwomba mzazi kabla ya safari, na utakaporudi jioni hii utaniomba, na mimi nitakupa kwa moyo wote. Lakini mwenye deni ni mimi, nalo ni la siku nyingi.

Niliandika ukumbini: "Furaha, sitaki waongo katika darasa langu." Wenzake wote wakasoma. Mmoja akaweka alama ya kucheka.

Kisha nikafungua kitufe cha mzazi. Jukwaa lina maneno yake tayari, ya adabu: mwanao hajawasilisha kazi, tafadhali mkumbushe. Nikayafuta, nikaandika yangu. Niliandika hivi: "Furaha hatumi kazi kwa wakati na anasema uongo. Mzazi, fuatilia mwanao anakuwa wapi usiku."

Sentensi ile ya mwisho hakuna aliyeniomba niiandike. Sikuwa na habari yoyote kwamba mtoto anakwenda mahali. Nilikuwa na hasira, nikatafuta neno litakaloingia, na mwalimu wa miaka mingi anajua ni neno gani linaloingia kwa baba mwenye binti. Nikabonyeza kutuma, nikaenda kuswali isha. Fikiria, Rehema. Nilitawadha na kuswali, na nilisikia raha.

Furaha hakuandika tena. Jina lake na ua lake vikawa vya kijivu, kama jukwaa linavyomfanya mtu asiyeingia. Nikasema moyoni, mwenye kucheza ameona hapa si pa kuchezea. Muhula ulipoisha ripoti yangu ilitoka ya kijani juu mpaka chini, kwa sababu asiyeingia hahesabiwi. Wakubwa wakaisifu. Nikaombwa niwaandalie walimu wengine mafunzo, niwaonyeshe jinsi ya kutumia vifaa vile. Ulinipigia simu kutoka chuoni kunipongeza, nami nikapokea pongezi zako.

Kisha ikaja harusi ya binti wa mjomba wako Koboko, ile ambayo mitihani ilikuzuia. Nilikwenda na kazi kwenye simu, maana alama za mwisho wa mwaka zilitakiwa ziwe jukwaani kabla ya saa kumi na mbili jioni siku ileile, na jukwaa linawafungia walimu kama linavyowafungia watoto. Nilikuwa naitazama simu kila mara, nikaona muda ninao tele. Nikala, nikacheka na wenzangu, nikakubali hata kupakwa hina mkononi. Nilipofungua kuingiza alama, nikakuta kufuli. Simu ikiniambia saa kumi na mbili bado. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani ya wenye nyumba, nayo ilikuwa inakaribia saa moja.

Mama mdogo wa bibi harusi aliona uso wangu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Simu yako imeshika Congo, Mwalimu. Hapa kwetu iko hivyo. Mnara ya ng'ambo iko na nguvu, saa inarudi nyuma moja."

Na mimi nimezaliwa Koboko. Wewe unajua, ingawa sipendi kulitaja mbele ya walimu wenzangu. Nililelewa na bibi yangu katika mtaa uleule, na hata kabla ya simu watu wa sokoni walikuwa wanaulizana wakipanga kukutana, saa yetu au saa ya ng'ambo? Nilijua kwamba kuvuka pale saa inabadilika kabla sijajua kuzidisha. Nilipopata kazi Arua nililiacha huko pamoja na mengine niliyoyaona ya kishamba, namna ya kuongea, namna ya kufunga kitambaa, yote. Mwalimu mwingine aliyezaliwa mbali angeweza kusema hakujua.

Nikawapigia simu wenye jukwaa. Dada mmoja akapokea. Nikaanza kujieleza haraka haraka, jasho linanitoka, naapa kwamba si kawaida yangu, kwamba mimi ni mtu wa wakati, kwamba saa ya simu yangu ilikuwa bado. Hakuniacha nimalize. "Uko Koboko, Mwalimu? Basi ni mambo ya mnara. Nakufungulia sasa hivi. Pole kwa usumbufu."

Akafungua. Na yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Nilirudi kukaa mkekani na wale wanawake. Wakaendelea kuimba, na mimi nikipiga makofi. Nilikuwa nimesema maneno yaleyale ya Furaha, na mimi niliaminiwa kabla sijafika mwisho wa sentensi. Aibu iliyonishika pale sijawahi kuiona, na nimezaa, na nimezika. Nilitamani taa zizimike.

Asubuhi nilimpigia Mwalimu Poni, yule anayewasimamia wanafunzi wa kule, ambaye utakuwa naye chumba kimoja cha walimu. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza njiani tu, yule Furaha aliishia wapi?

"Furaha? Baba yake alimutoa shule," akasema. "Message ilikuja kwa simu ya baba, sijui nani iliandika, inasema mtoto iko anatembea usiku. Kumbe mtoto ilikuwa inapanda kilima nyuma ya kanisa yao, huko ndiyo neti iko. Baba hakusikia. Akanyang'anya simu. Sasa iko sokoni na mama yake, anauza mawese."

Sijui nani iliandika, ndivyo alivyosema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningesema ni mimi. Nikasema, "Pole sana. Watoto wa siku hizi." Ndilo neno nililosema, Rehema. Watoto wa siku hizi.

Na sokoni nilikwenda. Nataka ujue kwamba nilikwenda, nisije nikajificha nyuma ya kusema sikupata nafasi. Mama yake alimwita jina, naye akageuka, binti mwembamba mwenye kitambaa cha njano, chupa za mawese zimepangwa mbele yake. "Mama, nikupimie?" Nikafungua mdomo, kisha nikaufunga. Mtoto huyu hajawahi kuuona uso wangu, lakini sauti yangu ameisikiliza peke yake kilimani muhula mzima, na mkono wangu ameutazama kuliko wa mama yake mzazi. Nikauingiza mkono wenye pete na hina ndani ya mtandio. Nikamwonyesha chupa kwa kidevu.

Akanipa. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Koo iko inauma, Mama? Pole sana. Kunywa maji ya moto."

Nikaitikia kwa kichwa, nikaondoka. Mawese yale ndiyo niliyokupikia uliporudi kutoka chuoni, ukayasifu, ukauliza nimeyatoa wapi. Nilisema, "Sokoni tu."

Ungedhani mtu akishafikia hapo anageuka. Mimi niliendelea mbele. Siku ya mafunzo nikasimama mbele ya walimu na ile mashine ya kuonyesha picha ukutani, nimevaa nguo yangu ya bluu, na nikafika kwenye kufuli. Mwalimu mmoja kutoka shule ya Inde akainua mkono. "Mwalimu, na sisi wa huko, neti iko inasumbua. Mtoto akichelewa na si makosa yake, tunafanya namna gani?"

Ilikuwa nafasi nyingine, tena imeletwa hadi mlangoni. Nikasema, "Kanuni ni kanuni. Ukimfungulia mmoja utawafungulia wote." Wakainama wakaandika. Nikawaangalia wakiandika, na kila mmoja wao ana darasa lake.

Nimejiuliza kwa nini. Sikumchukia mtoto. Ingekuwa chuki ningeielewa, ningeitubia na kuiacha. Ni kwamba nimekaa miaka mingi katika kiti cha mtu asiyekosea, na kiti hicho kimenizoea. Ubaoni nikikosea nafuta kwa kiganja na kuendelea, watoto wanacheka na mimi nacheka. Kwa mtu sikujua kufanya hivyo. Niliona kwamba nikisema moja hili, watauliza na mengine, wale wote niliowaacha kwenye mvua watakuja mmoja mmoja. Nikaogopa, basi. Ni woga tu, hauna jina zuri zaidi.

Kisha barua yako ya kazi ikaja. Koboko. Shule ileile, hesabu, darasa lilelile. Uliruka juu, ukanikumbatia, ukasema kule wanakusubiri kwa sababu wewe ni binti wa Mwalimu Hawa. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Maana Jumatatu watakupa funguo za darasa, utafungua ukumbi wa jukwaani, utasoma juu hadi chini kama ilivyo tabia yako. Utakutana na maneno yangu. Utakumbuka maharage. Leo mchana ulipokwenda sokoni kununua ndoo, nikafungua simu ili niyafute. Vifaa vile vinaruhusu, unabonyeza, unachagua kufuta, kwisha. Nikafuta. Na pale pale pakatokea mstari mpya: ujumbe huu umefutwa na mwalimu. Hata kufuta kunaandikwa. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, kisha nikalia mpaka mtandio ukalowa.

Nilipomaliza kulia nikaandika chini ya mstari ule. Nimeandika kwamba pale palikuwa na maneno niliyomwita Furaha mwongo, kwamba alisema kweli, kwamba simu yake ilishika mnara wa Congo, kwamba mwanangu aliniambia niangalie vizuri nikamfokea, na kwamba nimejua haya tangu ile harusi nikanyamaza. Nimeweka jina langu zima. Walimu wote wa pande mbili wanaona, hata wale niliowafundisha kufuli. Kisha nikafungua kitufe cha mzazi. Ile namba ilikuwa bado ipo. Nikaandika: "Furaha hakusema uongo, wala hakwenda mahali pabaya usiku. Mwalimu ndiye aliyekosea. Ni mimi."

Kwa hiyo nimekuharibia siku yako ya kwanza. Utaingia chumba cha walimu na watanyamaza, na watakutazama kuona kama umefanana nami. Ningeweza kungoja mpaka ukae, upate jina lako mwenyewe. Nililifikiria hilo, na nikagundua ni kungoja kulekule, nimekupachika wewe tu kama kisingizio. Ukinikasirikia una haki. Nikasirikie wazi, usininyamazie kama ulivyonyamaza siku ile ya maharage, maana najua sasa ni mimi niliyekufundisha kunyamaza.

Sikuambii ulitupe kufuli. Watoto wanahitaji kujua kazi ina mwisho, na wapo wachezaji kweli, utawaona. Mimi ninachojutia ni kwamba katika muhula mzima sikumpigia Furaha simu hata mara moja. Namba ilikuwepo. Nilikuwa na vifaa vya kumpima, kumfungia, kumshtaki kwa baba yake, na kimoja tu cha kuisikia sauti yake sikukigusa. Ukiwa huko, wapigie. Waulize wako wapi wanapokutumia kazi, wamekaa au wamesimama, nani yuko nao. Na yale maneno ya adabu yaliyomo ndani ya jukwaa usiyadharau kama nilivyoyadharau. Aliyeyaandika, sijui ni nani, alikuwa mwangalifu kuliko mimi.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa kwa kukuombea safari njema. Simu imeita. Ngoja.

Nimerudi. Alikuwa ni Baba Furaha.

"Ni weye mwalimu ya hesabu?"

Nikasema ndiyo.

"Ile message ya kwanza, ni weye uliandika?"

"Ni mimi."

"Na hii ya leo?"

"Ni mimi pia."

Nilisikia redio kwao, na mtu akimwaga maji. Kisha akasema, taratibu, bila kupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Mwalimu, ile saa ya Congo mimi najua. Najua kupita weye. Kama uliandika saa, ningecheka tu. Lakini weye uliandika usiku. Uliandika iko wapi usiku. Mimi ni baba, sikufikiri saa tena. Mutoto alilia, akaapa, akasema Baba twende kilima nikuonyeshe. Sikuenda. Nikamwambia mwalimu hawezi kudanganya."

Nikasema, "Baba Furaha, nisamehe."

"Hapana. Usiombe kwa simu. Simu ilileta ile neno kwa nyumba yangu, simu haiwezi kuitoa. Kuja. Kuja na mudomo yako, mutoto akiwa pale, na mama yake, na wale majirani walisikia. Kisha tutaona mambo ya shule."

Nikasema kesho. Akasema kesho, akakata.

Kisha tutaona. Hajasema atamrudisha. Nilitaka kumbembeleza aseme, lakini sikuwa na uso wa kumwomba kitu. Huenda nikasema yote kesho na mtoto akabaki sokoni hivyo hivyo. Huenda Furaha mwenyewe akakataa kuonana na hesabu tena, na sitakuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo kesho sikuagi hapa nyumbani. Nakuja nawe. Utakuta nguo yangu moja juu ya vitu vyako, nimeikunja vizuri, haitachukua nafasi. Tukifika Koboko, kabla ya kwenda kuona chumba chako, tutakwenda kwao. Mwanzoni nilifikiri nikuache kwa mjomba wako niende peke yangu, usinione. Lakini hapana, ingia nami. Kaa upande wa wanawake, karibu na mama yake, usikae karibu na mimi. Nataka umwone mama yako akisema jambo hili kwa mdomo kabla wewe hujaanza kusimama mbele ya watoto wa watu.

Nina ombi moja tu, na nakujua ndiyo maana nakuomba. Tangu ulipokuwa mdogo, ukiniona nimekwama unanimalizia sentensi. Unafanya kwa upendo, na mimi nimekuwa nikijificha humo. Kesho usifanye hivyo. Baba yule akiniuliza kwa nini nilijua nikanyamaza, hata nikikaa muda mrefu bila neno, hata nikikutazama, usinisaidie kujibu.

Mama yako,
Hawa